Matone Kumi kwa Dakika

Wangari alizikwa siku ya Ijumaa, Ruiru, kwenye kipande cha shamba kilichobaki katikati ya nyumba za kupangisha, na mimi nilifika kabla ya mahema kufungwa kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kukaa nyumbani. Mjukuu wake, Shiru, ndiye aliyenipigia simu siku aliyofariki, na ndiye aliyenipokea getini akanishika mkono mpaka jikoni, akanipa chai na mkate, akavuta kiti cha plastiki akakaa karibu nami. Shiru ni nesi katika hospitali moja Nairobi. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanisimulia wiki ya mwisho: nyanya yake amelazwa, dripu mkononi, kusema hawezi tena, lakini macho hayatoki pale matone yanapodondoka. "Alikuwa anahesabu, Cucu Nduku," akaniambia, akiniita bibi kwa Kikuyu. "Midomo inasonga tu. Nikamwambia, Cucu, relax, siku hizi ni machine inacount. Akaniangalia vile huangalia mtu amesema kitu ya ujinga." Akacheka kidogo, akapangusa pua. "Kwani alijulia wapi story ya drip?"

Nilishika kikombe kwa mikono miwili nikatazama mvuke. Ndipo nilipojua kwamba katika nyumba ile, alimolea watoto watano na kuona wajukuu wakisoma mpaka chuo kikuu, Wangari hakuwahi kumwambia mtu kwamba aliwahi kuwa mwanafunzi wa unesi, tena hodari kuliko wote niliowahi kufanya kazi nao. Mimi nimeitwa Sista kwa miaka thelathini na minne. Nimestaafu na kupewa saa ya ukutani na hotuba. Hata watoto wa mtaani kwetu, mashariki ya Thika, wananiita Sista. Yeye aliitwa Mama Kimani, fundi wa kushona sare za shule. Ni mwaka mmoja tu uliotutenganisha hivyo, mwaka niliotimiza miaka kumi na tisa, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau na kumshuku kila Mkikuyu, na nimeona niuandike kama ulivyokuwa.

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, pembezoni mwa Thika, mahali ambapo mashamba ya mkonge yalianzia. Mimi na Wangari tulipewa chumba kimoja nyuma ya jiko: vitanda viwili vya chuma, dirisha moja, msumari mmoja wa kutundika sare, na ukuta mwembamba kiasi kwamba tulijua mpishi amegombana na nani kabla hatujaamka. Sakafu ilinukia dawa kali ya kuoshea wodi, na harufu hiyo iliingia hata kwenye mkate. Asubuhi tulipewa uji, mchana githeri ya mahindi na maharagwe, jioni githeri iliyobaki mchana. Nilipotoka likizo nilikuja na muthokoi kutoka nyumbani, mahindi yaliyokobolewa, nikaupika kwenye jiko la makaa mlangoni, na Wangari akautazama ndani ya sufuria akasema, "Nyinyi Wakamba mnavua mahindi nguo kabla ya kuyala." Alikula bakuli mbili. Mimi Mkamba, yeye Mkikuyu wa Ruiru. Lugha zetu zilikaribiana vya kutosha kutukanana, lakini mambo ya maana tuliyasema kwa Kiswahili, chake kikiwa na "rakini" na "harafu," changu kikiwa na makosa mengine ambayo yeye aliyaiga vizuri kuliko nilivyoyasema mwenyewe. Sijawahi kulala chumba kimoja na mtu nikacheka vile.

Kazi ya mikono niliiweza. Nilijua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, kumwosha, kufunga bandeji isiyolegea. Kilichonishinda ni hesabu, na hasa hesabu ya dripu. Siku hizo hakukuwa na mashine. Chupa ya kioo ilitundikwa juu ya kitanda, maji ya chumvi na sukari yakashuka kwa mpira, na katikati ya mpira kulikuwa na kiglasi kidogo ambamo uliona tone likidondoka, na chini yake kibanio cha skrubu cha kuongeza au kupunguza. Nesi alisimama na saa yake ya kifuani akahesabu. Kumpa mtu mzima matone ya mtoto ni kumwacha akauke, na kumpa mtoto matone ya mtu mzima ni kumjaza maji mpaka kifua kishindwe. Sista wetu, yaani nesi mkuu, Mwingereza mrefu aliyetembea kama mtu anayechelewa, aliandika hesabu ubaoni, nami nilipokea daftari langu likiwa na mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. Wiki tatu mfululizo. Mara ya tatu nilijifungia chooni nikalia, kwa sababu aliyeshindwa hesabu alirudishwa kwao.

Wangari ndiye aliyeniokoa. Alichukua mkebe wa maziwa, akatoboa kitundu kwa msumari, akautundika kwenye dirisha la chumba chetu, akaweka kikombe chini. "Acha kuogopa namba," akaniambia. "Namba haikujui. Uliza maswali matatu tu. Maji kiasi gani? Kwa muda gani? Na tone lako lina ukubwa gani?" Akanifundisha hivyo jioni baada ya jioni, magoti yetu yamegusana, maji yakidondoka kikombeni. Maji cc mia mbili na arobaini. Kwa kiglasi chembamba, matone ishirini yanajaza cc moja, kwa hiyo kuna matone elfu nne na mia nane. Mtoto apewe kwa saa nane, yaani dakika mia nne na themanini. Gawanya. Kumi. Matone kumi kwa dakika. "Hilo swali la tatu ndilo watu husahau," akasema. "Viglasi havikuzaliwa na mama mmoja. Vile vipana vya kuongezea damu vina tone kubwa, kumi tu yanajaza cc. Usiamini kiglasi kwa sura. Kipime." Na kweli yeye hakukifunga kiglasi chochote bila kwanza kuhesabu matone yake ndani ya kipimo cha dawa, hata Sista alipomwambia anachelewesha wodi. Mtihani uliofuata nilipata alama zote. Sista alinitazama kwa mshangao, akasema, "Vizuri," na Wangari chini ya dawati akanifinya paja mpaka likawa jekundu.

Nilisikia jambo moja mwaka huo ambalo sikumwambia Wangari. Nilikuwa nafuta vumbi stoo ya shuka, na upande wa pili wa ukuta Sista alikuwa anazungumza na daktari. Kiingereza changu kilitosha. Alisema yule msichana wa Kikamba ni mzito lakini hana shida naye. Yule wa Kikuyu ni mwerevu, mwerevu sana, lakini kwa nyakati hizi hajui amweke wapi. Daktari akasema jambo sikulisikia, wakacheka, halafu Sista akasema, "Hapana, nampenda. Hiyo ndiyo taabu." Nilikunja shuka zile mara mbili mbili. Nilifurahi kwamba sina shida. Ninaandika haya nikiwa mzee, na bado naona aibu nikikumbuka nilivyofurahi.

Mvua za masika zilipoanza, watoto wa kijiji cha Ruiru wakaanza kuhara. Nasema kijiji, lakini kilikuwa safu za vibanda ambamo watu wa kilima kizima walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu, kikazungushiwa mtaro mrefu wenye miti iliyochongwa, na mtaro wenyewe uliendelea kuchimbwa na wanawake chini ya ulinzi wa homugadi, askari wenyeji wa serikali. Maji yalikuwa machafu na chakula kidogo. Hospitali ikapewa stoo tupu ya kahawa nje kidogo ya kijiji, na Sista akatuchukua mimi na Wangari tukaigeuze wodi. Bado naiona: kuta za mabati, sakafu ya saruji yenye madoa, mikeka kumi na minne kwenye safu mbili, kamba imefungwa toka ukuta hadi ukuta na chupa zimetundikwa juu yake. Kila kitu kilinukia maganda ya kahawa yaliyochacha. Mchana tulikula viazi vya kuchemsha tukiwa tumesimama. Wangari alikuwa amezaliwa nusu saa ya kutembea kutoka pale, na mama yake alikuwa ndani ya kijiji kile. Wakati mwingine, wanawake walipopitishwa kwenda mtaroni na majembe, alitoka mlangoni akasimama tu, na mwanamke mmoja kwenye mstari, mama yake, aligeuza kichwa. Hawakuruhusiwa zaidi ya hapo.

Kulikuwa na jambo la pasi yake. Kitabu chake cha kusafiria, ambacho kila Mkikuyu alilazimika kubeba, kilimruhusu kukaa Thika, si Ruiru. Sista aliahidi kukipeleka ofisini kikapigwe muhuri. "Wiki ijayo," alisema. Halafu mvua, na watoto, na chupa zinazopungua, na wiki ijayo ikawa inasogea mbele. Simlaumu kama nilivyomlaumu zamani. Alikuwa amechoka, na lilikuwa jambo dogo kwake.

Siku yenyewe Sista aliondoka asubuhi mapema kwenda Thika kuleta chupa. Miongoni mwa watoto alikuwapo msichana aitwaye Njoki, wa mwaka mmoja na nusu, miguu imevimba kwa njaa, nywele zimekuwa nyekundu na laini kama manyoya. Maagizo yake yalikuwa wazi: chupa mbili, kila moja cc mia mbili na arobaini kwa saa nane, matone kumi, polepole, kwa sababu moyo wa mtoto wa njaa hauwezi mzigo. Saa mbili asubuhi Wangari alifunga mpira, akapima kiglasi, akatundika chupa ya kwanza ya siku hiyo, akabandika plasta ubavuni mwa chupa na kuandika juu yake mistari ya saa, maji yanapaswa kuwa wapi saa tatu, wapi saa nne, mpaka saa kumi jioni. Kwenye karatasi ya mtoto akaandika jina lake mwenyewe, kama nesi aliyefunga. Saa tatu alikuwa ameinama anakagua ule mstari wa kwanza, na maji yameugusa barabara, homugadi wawili walipoingia.

"Wewe wa Thika," mmoja akasema kwa Kiswahili, makoti yao marefu yakichuruzika maji. "Pasi."

Wangari akaitoa mfukoni. Yule mtu akaigeuza geuza.

"Hii ni ya Thika. Hapa ni Thika?"

"Sista amesema ataipeleka ofisini. Muulizeni Sista."

"Sista yuko wapi?"

"Amekwenda kuleta dawa. Anarudi mchana. Niacheni mpaka mchana, nitakuja mwenyewe."

Nilikuwa upande wa pili wa safu na beseni mkononi. Nilisema, "Ni kweli, bwana, yuko na sisi," lakini sauti yangu ilitoka ndogo, na hawakugeuka. Mmoja akamshika mkono. Wangari hakukataa, alijaribu tu kujinasua taratibu ili asiguse mpira wa mtoto, akasema, "Ngoja, ngoja kidogo, dripu," na yule mtu akamvuta kwa nguvu. Bega lake likagonga kamba. Chupa ikayumba, kiglasi kikagonga nguzo kikavunjika. Nilimsikia akiwa mlangoni tayari, akipiga kelele kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nduku! Funga kibanio! Badilisha kiglasi!"

Nilifunga kibanio. Watoto wote walikuwa wanalia kwa pamoja, damu ya Njoki ilikuwa imeanza kurudi ndani ya mpira. Nikafungua sanduku nikachukua kiglasi cha kwanza nilichokigusa. Kipimo cha dawa kilikuwa mwisho wa stoo, juu ya meza. Nikajiambia nitapima baadaye. Nikafunga, nikafungua kibanio, nikainua saa yangu ya kifuani na kuhesabu. Matone kumi kwa dakika. Nilihesabu mara mbili. Nilikumbuka maswali yote matatu na nikajibu mawili, na la tatu nikaliacha kwa sababu watoto wengine kumi na watatu walikuwa wananingoja, na kwa sababu, niseme ukweli, nilijiona hodari. Nilikuwa nimebaki peke yangu na hesabu yangu ilikuwa sahihi.

Saa sita mama yake Njoki alipewa ruhusa ya kuja. Alikuwa wa umri wangu, matope mpaka magotini, viganja vimepasuka kwa mpini. Alipiga magoti akamshika mtoto unyayo, kisha akatazama juu kwenye chupa.

"Nesi," akasema, "maji ya leo yana mbio. Jana hayakuwa hivi."

"Nimehesabu, mama."

"Umehesabu?"

"Matone kumi kwa dakika. Ndivyo Sista alivyoandika."

Hakuwa amesoma hata siku moja. Aliposikia neno dakika aliinamisha kichwa kama mtu aliyejibiwa kanisani. Firimbi ikalia nje. Akamfunika mtoto kifua, akanipa tabasamu la kunishukuru, akatoka. Nilipobaki niliitazama ile plasta. Ilikuwa saa sita, na maji yalikuwa kwenye mstari wa saa tisa. Niliuona. Nimejiuliza maisha yangu yote nilifikiri nini katika dakika ile, na jibu ni kwamba nilichukua tena saa yangu nikahesabu, nikapata kumi, nikaiamini kumi kuliko nilivyoiamini chupa. Labda Wangari alikosea kuweka mistari, nikasema moyoni. Wangari, ambaye hakuwahi kukosea. Saa sita na nusu chupa ikaisha, nikatundika ya pili.

Kuanzia saa saba kope zake zikaanza kuvimba. Akakohoa kikohozi chenye maji. Nilidhani ni ugonjwa unazidi. Saa nane povu likamtoka puani, na kifua kikatoa sauti ambayo nimeisikia mara chache tangu hapo. Ndipo nilipobana kibanio mpaka mwisho, nikambeba, nikamkalisha wima kifuani mwangu, nikatembea naye huku na huku kati ya mikeka nikimwambia kwa Kikamba maneno ambayo mama yangu aliniambia. Alikufa saa nane na nusu, macho yakitazama mabati.

Sista alirudi saa tisa, matope mpaka kwenye sketi. Alimchukua mtoto kwangu, akabonyeza kope, akasikiliza kifua kilichonyamaza, akatazama chupa mbili. Akafungua kiglasi, akaenda nacho mezani na kipimo, akahesabu matone huku midomo yake ikitembea. Maji yalifika kwenye mstari wa cc moja kwa tone la kumi. Akaichukua karatasi ya mtoto, akasoma jina lililoandikwa.

"Nani nafunga hii mpira?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kizungu.

"Wangari," nikasema.

Lilikuwa neno la kweli. Mpira ule aliufunga Wangari saa mbili asubuhi. Kama ningesema uongo labda ningeweza kuutubu kwa jina lake, lakini nilisema ukweli, nikanyamaza, na ukimya wangu ukafanya kazi yote. Nilimweleza kuhusu homugadi na pasi. Kuhusu kiglasi kilichovunjika sikumweleza. Sista akakaa kwenye kreti ya chupa, akafunika uso. Nilimsikia akisema kwa Kiingereza, "Pasi yake. Mungu wangu, ile pasi." Nami nikafikiri, na yeye pia ana lake, na nikaona afueni. Mama yake Njoki aliletwa jioni ile kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Sikwenda mlangoni.

Baada ya hapo akina mama waliacha kuleta watoto. Habari zilizunguka kijijini kwamba maji ya stoo yanaua. Mikeka kumi na minne ikabaki na watoto watano. Wagonjwa wengine walifichwa chini ya vitanda, nyuma ya kuni, ndani ya matandiko, na tulisikia kutoka kwa wapita njia kwamba wawili walikufa vibandani, halafu mwingine. Sista alitembea mlango hadi mlango na homugadi nyuma yake, jambo lililofanya wafiche zaidi.

Wangari aliachiliwa baada ya wiki tatu. Ilikuwa Jumapili mchana na mimi nilikuwa Thika kubadilisha sare. Niliingia chumbani nikamkuta anapakia sanduku lake. Alikuwa amekonda, kidole kimoja cha mkono wa kulia kimefungwa kitambaa, na barua ya Sista ya kumwachisha kazi iko juu ya kitanda, imefunguliwa. Hakuinua kichwa.

"Kile kiglasi kilivunjika," akasema. "Uliweka kipi?"

"Cha kwanza sandukuni."

"Ulikipima?"

Nilikaa kitandani kwangu nikatazama sakafu. Akaacha kukunja nguo, akakaa. Tulikaa hivyo, kila mmoja kitandani kwake, kama tulivyokaa jioni nyingi za mkebe wa maziwa. Jikoni mpishi alikuwa anakatakata kitunguu huku akiimba wimbo wa kanisa.

"Nitamwambia Sista," nikasema. "Leo hii."

"Stoo kuna watoto wangapi?"

"Watano."

"Na kijijini?"

"Sijui. Wengi. Wanafichwa."

"Na manesi?"

"Mimi na Sista tu."

Akafikiri. Aliponitazama, hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ukimwambia, atakufukuza na wewe. Mimi hata wakinirudisha, pasi hawatanipa. Watabaki na nani? Usimwambie."

"Wangari."

"Pima viglasi, Nduku. Kila kimoja. Hata wakikutukana." Akafunga sanduku, akalibeba kichwani, akatoka kupitia jikoni. Nilimsindikiza mpaka kwenye mti wa jakaranda langoni, akaniambia nirudi, nikarudi. Kumtii kulikuwa rahisi, na nilijua hivyo hata wakati huo.

Wiki iliyofuata akina mama walianza kuleta watoto tena. Mmoja, kisha watatu, kisha mikeka haikutosha. Nilidhani ni kwa sababu ya njaa, au kwa sababu Sista aliacha kutembea na homugadi. Tulifanya kazi mpaka mvua zikaisha, na stoo ikafunguliwa tena kila masika kwa miaka kadhaa. Wapo waliokufa, lakini wengi walitoka wakitembea. Baadaye nilihitimu, nikavaa mkanda wa nesi kamili, nikapandishwa cheo. Nilikutana na Wangari mara chache baada ya Uhuru, kwenye harusi na matanga, na kila mara aliniuliza, "Wodi yako ikoje?" na kunisikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwao. Mara moja nilimwambia naweza kuandika barua arudi kusomea, kwamba sasa wanahitaji watu. Akasema, "Ah, hesabu nimeshasahau." Alikuwa anakata kitambaa cha sare wakati huo, na alikikata bila kuchora mstari wala kupima mara ya pili.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani Ijumaa ile chini ya hema. Shiru alinikalisha mstari wa mbele na wazee wa kanisa, na karibu yangu alikuwa ameketi mwanamke mzee sana, kitambaa cheupe kichwani, jicho moja limefunikwa na ukungu. Mchungaji alikuwa anaomba. Mwanamke yule akanigeukia akanitazama kwa jicho lake zima, muda mrefu.

"Wewe ni yule nesi Mkamba," akasema. "Wa stoo."

Nilimjua kwa sauti. Mama yake Njoki. Walikuwa majirani na Wangari tangu siku zile, akaniambia, ua kwa ua, benchi moja kanisani. Akanisimulia polepole, huku watu wakiimba. "Alipotoka huko walikokuwa wamemfungia, alikuja kwenye foleni ya maji, sisi akina mama wote tumesimama. Akapiga magoti kwenye matope. Akasema, mama, Njoki aliuawa na mkono wangu. Nilikosea, na wamenifukuza. Rakini yule aliyebaki hakosei. Wapelekeni watoto." Alivuta kitambaa chake mbele ya paji la uso. "Nilimtemea usoni. Miaka miwili sikumsalimu. Harafu nikampeleka mwanangu niliyemzaa baadaye hapo stoo, akapona, kwa sababu ya hayo maneno yake."

Waimbaji walinyamaza. Sikuwahi kuyajua hayo. Karibu miaka sitini nilidhani Wangari aliniomba ninyamaze tu, kumbe yeye mwenyewe hakunyamaza. Nilishika mkono wa yule mama, mifupa mitupu, nikamwambia kwa Kiswahili ili nisikosee hata neno moja. Nikamwambia kiglasi kilivunjika. Nikamwambia nani aliweka kingine, nani hakukipima, nani aliona maji yamefika mstari wa saa tisa ikiwa saa sita. "Uliniambia yana mbio," nikasema. "Ulisema kweli. Ni mimi, mama. Hakuwa Wangari."

Hakuuondoa mkono wake. Alitazama mbele, walikokuwa wanateremsha jeneza kwa kamba. Shiru alikuwa amesimama nyuma ya viti vyetu, na nilijua kwa jinsi alivyoacha kupumua kwamba amesikia kila kitu.

"Baada ya wangu," yule mama akauliza, "mwingine alikufa hivyo mkononi mwako?"

"Kwa ugonjwa, ndiyo. Kwa hesabu, hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Aliinamisha kichwa mara kadhaa kukubali, taratibu. "Nilimtemea mate," akasema, si kwangu. "Na akanijibu, asante." Kisha akatafuta fimbo yake chini ya kiti, hakuipata, akaninyooshea mkono. "Nisimamishe. Wanamfunika, na mimi sijatia udongo wangu."

Nilimsimamisha upande mmoja, Shiru akamshika upande wa pili, na watu wakatupisha njia.